Mdogo Wangu Upande wa Pili wa Bango

SEHEMU YA SITA

Kama leo ndiyo mara yako ya kwanza kunisoma, karibu, nitakusogeza haraka.

Naitwa Nieves Barragán, fundi wa jipsamu, mwanachama wa chama cha mafundi seremala hapa Mesa, Arizona. Goti lilipochanika nikashindwa kupanda ngazi, chama kikanipa kazi ya kusimama na bango kando ya barabara. Bango lenyewe ni la kitambaa, refu kuliko gari. Limeandikwa kwa herufi nyekundu: AIBU KWA KLINIKI YA MENO YA HAVERLING. Kwenye pembe zake, kwa herufi ndogo: MGOGORO WA KAZI.

Dakta Haverling hajanigusa hata unywele. Ila anaongeza jengo jipya nyuma ya kliniki yake, na mkandarasi aliyempa kazi hiyo amemkabidhi kazi ya jipsamu nyapara mmoja anayeitwa Rulon Skaggs. Skaggs hachukui watu wa chama. Anaokota watu wasio na bima, wasio na karatasi za kuishi nchini, wasio na pa kusemea. Ndiyo maana tunamwaibisha mwenye jengo, mpaka amwondoe.

Tangu tusimamishe bango hilo sijalala vizuri. Kwanza ilikuja pikapu ya kijivu, ikawa inaegeshwa ng'ambo ya barabara, injini inawaka, mtu hashuki. Halafu bango likachanwa kwa kisu. Halafu Jumanne nikakuta picha imebanwa kwenye kioo cha gari langu. Picha ya mlango wa nyumba yangu.

Wiki iliyopita nilikuacha pale mlango wa jengo jipya ulipofunguliwa, akatoka kijana amejaa vumbi la jipsamu kuanzia nywele mpaka viatu, amebeba mfuko wa takataka. Nikamtambua kwa mwendo kabla sijaona uso.

Alikuwa Eusebio. Chebo. Mdogo wangu wa tumbo moja, aliyeniambia kwa simu kwamba anafanya kazi ya kufua mashuka hotelini, huko New Mexico.

* * *

Hakuniita. Nami sikumwita.

Alitikisa kichwa kidogo sana, kama mtu anayemfukuza inzi. Akatupa mfuko kwenye pipa, akageuka, akaingia ndani. Mlango ukafungwa.

Unielewe. Mimi nilizaliwa upande huu wa mpaka. Baadaye mama akarudi Sonora, kule Meksiko, na Chebo akazaliwa huko. Mimi nina karatasi, yeye hana. Siku akikamatwa na Uhamiaji, kwa mara ya pili sasa, hatarudishwa tu. Atafungwa kwanza.

"Binti," akasema mzee Orville, "umeona jini?"

Orville Begaye ndiye tunayesimama naye. Ni Mnavajo, wa wenyeji wa asili wa nchi hii, seremala wa siku nyingi, mtu wa kofia pana na maneno machache. Mimi nikishika nguzo ya kushoto, yeye anashika ya kulia.

"Sijaona kitu," nikasema.

"Sawa. Lakini nguzo yako inatetemeka, na upepo hakuna."

Ningemjibu nini? Kwamba bango langu linampiga vita ndugu yangu?

* * *

Skaggs akatoka muda si mrefu. Shati safi limepigwa pasi, miwani ya jua, boksi la donati mkononi. Anapenda kutuletea vitu vitamu. Hatuli.

Masharti yetu tumeyakariri: bango lisitembee, mdomo usibishane, mguu usivuke ukingo wa barabara. Ukivuka, umewapa kesi ya kutushtaki. Kwa hiyo mtu akija kukutisha, unasimama tu kama nguzo ya umeme.

"Mama Nieves! Jua hili litakuua, mama. Chukua moja."

"Sijawahi kukwambia jina langu."

"Aa, mji wenyewe mdogo huu." Akajiwekea donati mdomoni, akawa ananitazama huku anatafuna. Ananitazama upande, anazunguka kidogo, ananitazama upande wa pili. "Ajabu kweli. Nina kijana mmoja humo ndani, anajiita Ramiro. Masikio yake na yako kama yametoka kiwanda kimoja."

Niliigeukia barabara, nikajifanya nahesabu magari.

"Bwana Skaggs," Orville akadakia, "mimi nina masikio kama ya farasi wa mjomba wangu, na mpaka leo hatujaitwa kwenye mirathi."

Skaggs akacheka. Akacheka vizuri kabisa, mpaka akavua miwani kufuta macho. Halafu akasogea karibu, sauti ikashuka.

"Sikilizeni, wazee wangu. Daktari amechoka. Wazazi wanaleta watoto kung'oa meno, wanasoma aibu, wanageuza magari. Ijumaa nataka barabara hii isiwe na kitambaa. Kikiwepo, nawapigia simu Uhamiaji mimi mwenyewe. Waje wazoe vijana wangu wote. Jumatatu nitakuwa na wengine."

"Maneno hayo yanafunga mtu," Orville akasema.

"Nani kayasikia?"

"Mimi."

"Wewe ni mzee unayeshinda juani, baba. Lazima usikie mengi."

Akaliweka boksi la donati chini, miguuni pangu, taratibu, akarudi zake ndani. Nililisukuma lile boksi pembeni kwa kiatu.

"Sasa niambie," Orville akasema bila kunigeukia. "Huyo Ramiro ni nani kwako?"

"Mdogo wangu."

Akaivuta kofia yake mbele kidogo.

"Basi tumekwisha," akasema.

* * *

Kituo cha mafuta kiko pembeni tu, na ndipo tunapoendea haja. Nilikwenda kunawa uso. Nilipotoka, nikasikia mtu ananong'ona kutoka nyuma ya friji kubwa la barafu.

"Dada."

Nilipiga kelele kidogo, nikajiziba mdomo mwenyewe. Chebo alikuwa amechuchumaa, mfuko wa barafu begani, macho mekundu.

Badala ya kumkumbatia nilimchapa kofi la bega. Vumbi likaruka.

"Mashuka, eh? Unafua mashuka?"

"Dada, si sasa."

"New Mexico! Umenidanganya mpaka majina ya mabosi! Ulikuwa unaniona pale kila siku, ukanyamaza?"

"Nilikuona siku ya kwanza tu. Nikafikiri nikikaa ndani hutanijua. Ningekwambiaje? Dada yangu ndiye kashika kitambaa kinachosema tusipewe kazi."

"Bango halisemi hivyo!"

"Ukiwa ndani linasomeka hivyo," akasema.

Nikamshika mkono. "Haya, yaishe. Gari langu lile pale, ufunguo huu. Ingia uondoke. Skaggs ameshakunusa, Chebo. Ameyajua masikio yako."

Hakuupokea ufunguo.

"Don Fermín ameanguka," akasema.

"Fermín ni nani?"

"Mzee tunayefanya naye. Asubuhi jukwaa la mabomba tunalopandia limeteleza, hakuwa na mkanda wa usalama, akaangukia kisogo. Damu inamtoka sikioni. Skaggs katukataza kuita mtu. Katunyang'anya simu wote, anasema tutapiga picha. Kamlaza stoo, juu ya mifuko ya plasta, anasema atapata nafuu akipumzika."

"Damu sikioni, halafu apumzike?"

"Nimetoka kwa kisingizio cha kununua barafu. Dada, anaongea vitu visivyoeleweka. Ananiita kwa jina la ng'ombe wake."

Mzee anakufa ndani. Nikiita gari la wagonjwa, polisi watakuja nalo. Polisi wakija, wataanza kuuliza vitambulisho.

"Ondoka kwanza wewe," nikamwambia. "Ukishafika mbali, ndipo nitapiga."

"Nimemwambia narudi."

"Chebo, nakuomba! Mama atanihukumu mimi, si wewe!"

"Hana mtu mwingine anayemshika mkono mle ndani. Wenzangu wanamwogopa, wanasema anakata roho." Akaweka mfuko wa barafu vizuri begani. "Piga simu sasa hivi, dada. Usinihesabu mimi."

Akaondoka anakimbia kwa kuinama, kama mtu anayevuka mpaka. Nilimwona akiingia mlango wa nyuma.

Nitakuwa mkweli kwako, msomaji. Nilisimama pale na simu mkononi, na kwa muda fulani nilimchukia yule mzee nisiyemjua. Nikasema moyoni, kwa nini asianguke kesho.

Halafu nikapiga.

"Mtu ameanguka kutoka juu, anatoka damu sikioni," nikasema, nikataja mahali. Mama aliyepokea simu akauliza jina langu. Nikakata.

* * *

Gari la wagonjwa lilikuja likipiga king'ora. Orville akaniangalia, nikamweleza kwa maneno mafupi. Akafanya ishara kwa mababu zake, au labda alijikuna tu, sijui.

Vijana wawili wakashuka na machela. Kabla hawajafika mlangoni, Skaggs alishatoka, mikono ameinyoosha kama anayepokea wageni wa harusi.

"Karibuni, karibuni. Mgonjwa? Mgonjwa gani? Ingieni mwone wenyewe."

Wakaingia. Nikawa nasubiri watoke na mzee. Nikajiambia, atatoka, watamweka ndani, Chebo atapenya nyuma, yataisha.

Wakatoka na machela tupu.

Skaggs alikuwa nao, anacheka, anawapigapiga mgongoni. Akanyoosha kidole upande wetu. Nilimsikia vizuri, alitaka nimsikie.

"Ni hao wa bango. Wameshindwa kutufunga kwa aibu, sasa wanaita ambulensi. Poleni sana, vijana. Chukueni donati."

Mmoja wa wale vijana, dereva, akanitazama kwa dharau ambayo sijaisahau. "Mama," akanipigia kelele kutoka mbali, "kuna watu wanakufa kweli mjini humu, na wewe unatuchezea!"

"Yuko stoo!" nikapiga kelele. "Angalieni stoo!"

Lakini milango ya gari ilishafungwa, na king'ora kikazimwa, na gari likaondoka. Kwa mara ya kwanza nilikuwa nimevunja sharti la mdomo, na haikusaidia kitu.

Skaggs akasimama palepale anatikisa funguo mkononi. Kisha akanionyesha ishara ndogo kwa kidole chake: akavuta sikio lake.

Akaingia ndani.

* * *

"Nyie watu mna roho gani?"

Nilishtuka. Dakta Haverling alikuwa amekuja kutoka mlango wa mbele wa kliniki, koti jeupe, glavu bado mkononi. Mama mrefu, mkavu, nywele fupi za mvi. Tangu tuanze hajawahi kutusemesha. Wiki ya kwanza alitufungulia tu mabomba ya kumwagilia bustani, tukaloa chapachapa. Leo alikuwa amewaka kwa hasira.

"Nina mtoto kwenye kiti, mdomo wazi, anasikia king'ora anaanza kulia! Jina langu mmelichafua, nimevumilia. Wateja mmenifukuzia, nimevumilia. Sasa mnaita magari ya uongo?"

"Si uongo, daktari."

"Wameingia, wameangalia, hakuna kitu!"

"Wameonyeshwa wanachotakiwa kuona. Kuna mzee kaanguka kwenye jengo lako tangu asubuhi. Kafichwa stoo. Anatoka damu sikioni."

Ile damu ya sikioni ilimgusa kama daktari, niliona.

"Unaongopa," akasema, lakini sasa kwa sauti ya chini.

"Basi nenda kaifungue. Ukikuta mifuko ya plasta peke yake, bango hili nitalikunja mimi mwenyewe, na chama kinifukuze."

"Nieves," Orville akaonya.

Dakta Haverling akageuka, akaanza kutembea kuelekea jengo jipya. Baada ya hatua chache akasimama.

"Unangoja nini? Njoo unionyeshe."

Nikaiachia nguzo. Orville akaidaka. Nikavuka ukingo wa barabara.

* * *

Ndani mlikuwa na giza la vumbi. Wanaume waliokuwa wakipiga skrubu wakaacha, mashine zikanyamaza moja moja. Hakuna aliyetutazama usoni. Mmoja tu, kijana mwembamba, alielekeza macho kwenye mlango wa mbao mwisho wa ukumbi. Mlango una komeo na kufuli.

Skaggs akatokea mbele yetu.

"Daktari! Huku si salama bila kofia ngumu. Na huyu haruhusiwi kabisa."

"Fungua hapo."

"Vifaa tu, daktari. Ufunguo anao mwenzangu, ameenda Tempe."

Ufunguo alikuwa ameushika yeye mwenyewe, mkononi.

Hapo ndipo tukasikia mlango unagongwa. Kutoka ndani. Polepole, kwa kiganja, kama mtu ambaye mkono mmoja tu uko huru.

Ina maana ambulensi ilipokuja, aliwafungia wote wawili, na kelele za mashine zikafunika kugonga kwao.

Akili iliniruka. "Chebo!" nikapiga yowe. "Chebo, mdogo wangu! Uko hai?"

"Dada! Waambie waharakishe!"

Nilipogeuka nikakuta Skaggs ananitabasamia, na Dakta Haverling ananitazama kama ndiyo kwanza ananiona. Nilikuwa nimemtangaza mwenyewe, kwa mdomo wangu, mbele ya watu wote.

"Mdogo wangu," Skaggs akarudia taratibu, kama anayeonja pipi. Akatoa simu mfukoni, akapiga, akaongea huku ananitazama. "Ndiyo, Uhamiaji? Nina taarifa."

Kwenye meza ya kukatia kulikuwa na nyundo. Sikuomba ruhusa. Nililipiga lile komeo mara ya kwanza, mara ya pili, skrubu zikang'oka na kipande cha fremu, mlango ukafunguka.

Mzee Fermín alikuwa amelazwa juu ya mifuko, uso umekuwa rangi ya plasta yenyewe. Chebo amepiga magoti, kichwa cha mzee kiko katikati ya mikono yake, barafu imeyeyuka imelowesha suruali yake.

Dakta Haverling hakuuliza tena. Akapiga magoti kwenye tope la plasta na maji ya barafu, koti jeupe na yote, akamfunua mzee macho, akamgusa shingo.

"Ni nani kamshikia kichwa hivi?"

"Mimi," Chebo akasema.

"Umefanya vizuri. Usikiachie. Ukikiachia, huenda asitembee tena. Umenielewa? Chochote kitakachotokea, usikiachie."

Akaita gari la wagonjwa kwa simu yake, akataja jina lake na cheo chake, na safari hii hakuna aliyeuliza mara mbili.

Nyuma yetu nilisikia viatu vinakimbia. Vijana wa Skaggs walikuwa wanatoka kwa mlango wa nyuma, madirishani, popote. Wakaacha vikombe, wakaacha jaketi, mmoja akaacha kiatu.

Nikainama sikioni kwa Chebo. "Nipe mimi hicho kichwa. Kimbia."

"Hukusikia daktari?"

"Chebo!"

"Mikono yako inatetemeka, dada," akasema. "Yangu haitetemeki."

* * *

Ambulensi ilirudi na vijana wale wale. Yule dereva akaniona, akatazama chini, hakusema kitu. Na nyuma yao likaja gari la polisi.

Afisa alikuwa mmoja tu, kijana mnene mpole, jina ARVIZU limeshonwa kifuani. Akanisalimia kwa Kihispania. Sijui kwa nini, salamu ile ilinitisha kuliko bunduki yake.

Wakamfunga mzee shingo kwa kitu kigumu, wakampandisha machela. Chebo akatembea nao mpaka nje, mkono wake mmoja bado umeshikwa na vidole vya mzee. Hakikuwa kitu cha kuigiza, vile vidole vilikuwa vimekaza.

Mlangoni mwa gari yule dereva akauliza, "Kuna ndugu wa mgonjwa hapa? Nafasi ni moja."

Wazo likanijia lote kwa pamoja. Ndani ya lile gari hakuna Skaggs. Uhamiaji wakifika, watakuta stoo tupu.

"Huyu hapa," nikasema, nikamsukuma Chebo kwa mgongo. "Ni mwanawe."

"Uongo huo!" Skaggs alikuja mbio. "Afisa, huyu si mtoto wa mtu! Anaitwa Ramiro, hata hilo si jina lake, ni ndugu wa huyu mwanamke wa bango. Kamwita mwenyewe, tumesikia wote! Muulize karatasi! Uhamiaji wako njiani, nimeshawapigia."

Afisa Arvizu akanitazama mimi. Akamtazama Chebo. Akatutazama masikio, naapa, akatutazama masikio.

"Daktari," akasema, "jengo ni lako, na ulikuwepo. Huyu kijana ni nani?"

Dakta Haverling alikuwa anavua glavu zilizojaa vumbi na damu. Nilimtazama yule mama. Nimesimama mbele ya mlango wake wiki baada ya wiki, na jina lake likiwa kubwa kuliko mimi, na neno aibu likiwa mbele yake. Watoto wanaojua kusoma walimwuliza maana yake. Alikuwa na haki zote za kunilipa leo.

Aliivua glavu ya pili. Akaikunja ndani ya ile ya kwanza.

"Ni mwanawe," akasema. "Amekuwa akimwita baba tangu nilipoingia."

Skaggs akapigwa butwaa.

"Daktari, una uhakika?" Arvizu akauliza.

"Afisa, mgonjwa amepasuka fuvu. Unataka tujadiliane hapa mpaka lini?"

Arvizu akavuta pumzi. Akampisha Chebo. "Panda, kijana. Mwangalie mzee wako."

Chebo akapanda. Akakaa kwenye kile kibenchi, akanitazama. Hakutabasamu, lakini niliona mabega yake yanashuka. Mimi nilianza kulia bila sauti. Orville, kule barabarani, alikuwa ameshika nguzo zote mbili peke yake, na alinipungia kofia.

Arvizu akashika mlango wa gari ili aufunge.

Ndipo mzee Fermín akafumbua macho. Alikuwa hajasema neno lenye maana tangu asubuhi. Akamtazama Chebo, akamtazama sana, akaukunjua mkono wake polepole kutoka kwenye mkono wa mdogo wangu. Na akasema kwa Kihispania safi, kwa sauti ya mtu aliyeamka usingizini akakuta mgeni chumbani:

"We kijana, wewe ni mtoto wa nani? Mwanangu mimi tulimzika."

Nikamsikia Skaggs anacheka nyuma yangu.

Na Afisa Arvizu, aliyekuwa ameshaurudisha mlango nusu, akaufungua tena.